Mhadhara wa Wazi Kuhusu Kinyonga Aliyepanda Mnara

Mabibi na mabwana, wanywaji wa kahawa, na wewe kijana uliyekuja kuchaji simu tu: keti. Mbele yenu amesimama Daktari wa Falsafa ya Masafa. Udaktari huo nilijitunuku mwenyewe, baada ya kuzunguka na kukuta hakuna chuo chenye ubavu wa kunifundisha. Hii simu yangu mezani, inayolia tuu, tuu kwenye spika, msiijali. Ni sehemu ya utafiti.

Tuanze na historia, maana naona wengi wenu mmezaliwa juzi. Palikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, basi. Ukiwasha unaikuta, na jirani akiwasha unaikuta kwa jirani: salamu, matangazo ya vifo, taarifa ya habari. Mwaka 1993 ikaja Sheria ya Huduma za Utangazaji, watu binafsi wakafunguliwa mlango, na 1994 Radio One ikawa hewani. Clouds FM ikafuata, ikaibeba Bongo Fleva mgongoni enzi ambazo wazazi waliuita muziki wa wahuni. EFM ikaja 2014, ikaichukua singeli kutoka uswahilini ikaikalisha studio. Kila kituo kilikuwa na sura yake. Ungefungwa kitambaa machoni ukapandishwa daladala, kwa redio tu ungejua dereva ni mtu wa namna gani.

Sasa nadharia yangu, ambayo kwa unyenyekevu nimeipa jina langu. Inasema: kituo chochote cha FM, kianzie popote, kikiachwa peke yake kitaishia kwenye Simba na Yanga.

Ushahidi ninao. Kuna redio moja hapa jirani, siitaji, maana mwenye nayo ndiye mwenye nyumba wangu na nina deni la miezi miwili. Ilizinduliwa kuwa redio ya zilipendwa. Mtangazaji wa usiku alikuwa na sauti ya kunong'ona. Akitamka "mpenzi msikilizaji", mke wangu aliweka mwiko chini. Mwaka haukuisha, wakaja watu wa masoko: wazee hawanunui bando. Zilipendwa zikahamishiwa Jumapili, kisha Jumapili alfajiri, kisha zikafa bila hata tangazo la kifo. Ikaingia Bongo Fleva, na kaulimbiu mpya, na fulana mpya. Ukaja umbea wa mchana, na ushauri wa ndoa unaotolewa na kijana ambaye bado anakula kwa mama yake. Ikaja singeli. Kila mara ukuta wa ofisi unapakwa rangi nyingine. Kwangua kwa ukucha: chini ya zambarau kuna kijani, chini ya kijani kuna njano. Mimi nimekwangua. Mlinzi alinitoa mbio, lakini sayansi haikosi mashahidi wake.

Na leo? Yule mnong'onaji ni mchambuzi. Saa tatu asubuhi anapiga meza, anabishana na wenzake watatu, wote wakisema kwa pamoja, kwamba namba sita alikuwa amesimama wapi goli lilipoingia. Mechi ilichezwa Jumamosi. Leo Alhamisi.

Wajinga watasema ni uvivu. Hapana, ni uchumi, nami uchumi pia ni fani yangu. Habari inataka mwandishi, na mwandishi anataka nauli. Muziki unataka mirabaha. Ubishi unataka viti vinne. Kampuni ya kubashiri inadhamini kipindi, na msikilizaji anapiga simu kwa salio lake mwenyewe. Niambieni kiwanda kingine ambacho malighafi inajipeleka mlangoni, tena imejilipia usafiri. Hata mashine ya kusaga ya Mzee hapa haijafika huko.

Ninalaani! Nalaani taifa zima kugeuzwa benchi la ufundi. Ni mtu gani mwenye akili timamu, mwenye mke na watoto, na kahawa yake inapoa, anayeweza kukaa dakika arobaini na simu akisubiri kupokewa ili aseme—

Haloo? Haloo! Nipo hewani? Kijana, punguza redio hiyo, inanirudishia mwangwi! Ndiyo, ndugu mtangazaji, ni Dokta hapa, Dokta wa Mabibo, yule wa juzi. Kwanza niwapongeze kwa kipindi kizuri. Sasa, kuhusu namba sita: jana mlinikatia kabla sijamaliza...