Sahani ya Bibi Haiguswi

Sahani ya kaure aliyoiacha bibi imefungiwa kabatini kwa kufuli, na wajukuu wanakula kwenye plastiki. Eti ndiyo heshima. Lakini kaure za China zilifika pwani yetu kama bidhaa: Lamu zilipamba zidaka za ukutani, Kunduchi zikajengewa makaburini, na vigae vilivyofukuliwa Gedi ndivyo vinavyowasimulia wanaakiolojia biashara ya mji ule. Zilizovunjika zimesema mengi. Mtajibu kwamba hata zidaka zilikuwa za pambo tu. Kweli, ila pambo huwekwa lionwe na wageni. Mtaongeza: ikivunjika, kumbukumbu imekwenda. Kwani marehemu alikuwa udongo? Anayemkumbuka bibi humpikia mgeni pilau akaipakua humo. Anayeogopa ufa anatunza sahani, bibi kamsahau zamani.