Uzito wa Shemeji

Ukitaka kujua Ubaruku ina wahandisi wangapi, subiri trekta likwame kwenye jaruba. La shemeji yangu lilizama wakati wa mavuno katika udongo wa mbuga, ule mweusi wa Usangu unaopasuka kiangazi na kugeuka uji ukilowa. Injini haijapoa, ukingo umeshajaa wataalamu. "Tuongeze uzito nyuma!" akaamuru mmoja. Vijana wakadandia. Tairi zikasota, zikatupaka tope sote, kisha zikashuka shubiri nyingine.

Kwenye mchanga ushauri ule ungesaidia, kwa kuwa mchanga ukikandamizwa hukaza. Udongo wa mfinyanzi uliolowa, kama huo wa mbuga, hauna habari na uzito. Wenyewe hudai eneo, yaani umeshika udongo mwingi kiasi gani. Tairi hushika kidogo tu, na meno yake yakishaziba linabaki duara laini linalojichimbia.

Tukiwa hapo, kombaini ya cheni za mpira ikapita kando yetu ikivuna, dereva anatafuna muwa. Nikatoa simu nikapiga hesabu, maana koleo zilikuwa zimeisha. Mashine ya tani 3, cheni mbili za upana wa sentimita 45, kila moja ikilala chini kwa mita 1.6: hiyo inakanyaga kwa gramu 200 na ushee kwa sentimita ya mraba. Shemeji ana kilo 90. Akiegemea buti moja lenye sentimita za mraba 200, anakanyaga kwa gramu 450. Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba ardhi inamwona mzito maradufu ya kombaini. Aligeuka anijibu, buti halikugeuka naye.

Tena cheni ina meno mengi yaliyozama kwa pamoja, kila jino na bonge lake la udongo, hivyo hakuna bonge linalobebeshwa mzigo wote. Benjamin Holt wa California aliliona hilo mwaka 1904, akang'oa magurudumu ya nyuma ya trekta lake la mvuke na kufunga cheni za mbao.

Barabarani, hata hivyo, cheni za mpira huisha upesi, kwa hiyo kombaini husafirishwa kwa lori. Jioni lori likaja kuichukua, likakata kona karibu mno na mfereji, likazama hadi ekseli. Kombaini ikafungwa mnyororo, ikalivuta taratibu mpaka pakavu.

Ikabaki malipo. Kombaini hulipwa kwa eka, na dereva wake, muwa bado mdomoni, akataka kujua lori lina eka ngapi.