Uzi wa Meno, Ukunda

Jumatatu. Embe la jana la Msambweni bado limo mdomoni. Ngowe lina nyama laini, lakini hili lilikuwa la kienyeji, nusu nyama nusu nyuzi. Nimechokonoa kwa njiti ya kiberiti, ikavunjika. Sasa katikati ya magego mna embe na mbao.

Jumanne. Daktari wa meno amevitoa vyote viwili, kisha akauliza kama huwa napitisha uzi. Anasema mswaki hufika mbele, nyuma na juu ya jino. Ubavuni, pale jino linapogusana na jirani yake, haufiki. Utando wa vijidudu ukikaa huko hugeuka ukoga mgumu, na hapo ni yeye tu wa kuukwangua. Nimemwambia fizi zangu hutoka damu. Hakushtuka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 uliwakuta karibu watu wazima wote waliopimwa nchini wana fizi za namna hiyo. Nimefurahi kuwa na wenzangu.

Alhamisi. Nimeulizia uzi wa meno Ukunda. Dukani nimepewa uzi wa cherehani, mweusi. Jirani wa mwenye duka ameniletea mshipi wa kuvulia: "Huu hata kolekole haukati." Duka la dawa wanao, rafu ya juu kabisa, kando ya magongo. Bei ni ya wageni wa Diani.

Ijumaa. Unakata dhiraa moja, unauzungusha kwenye vidole vya kati, unalikumbatisha jino, unasugua juu na chini mpaka chini kidogo ya ufizi, halafu unamgeukia jirani. Vidole vimekuwa zambarau. Shangazi amechungulia: "Mwanangu, nani kakufunga?" Yeye maisha yake yote ni kijiti cha msuaki, na meno anayo yote. Sikuwa na la kumjibu.

Jumamosi. Kopo la uzi ni tupu. Mpwa wangu amerushia tiara. Imepanda vizuri sana, kisha ikanasa mnazini. Nimenunua jingine.

Jumapili. Diani, kazini. Tumbili kachukua kopo jipya mezani pamoja na ndizi. Ndizi kaila. Uzi kauvuta wote, kautazama, kautupa juu ya makuti. Kule Lopburi, Thailand, kuna kima wanaosafisha meno kwa nywele za watu, na utafiti wa 2009 ulionyesha kwamba mama akitazamwa na mwanawe hurudiarudia kitendo kwa muda mrefu zaidi. Wa kwetu hawajapata mama wa hivyo.

Jumatatu. Mwenzangu amesoma kwamba 2016 ilibainika Marekani imeuondoa uzi kwenye mwongozo wake wa lishe, na kwamba tafiti zenyewe ni hafifu. Nimempigia daktari. Anakubali ni hafifu, ila mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2019 yanasema mswaki pamoja na uzi huenda ukapunguza uvimbe wa fizi kuliko mswaki peke yake. "Huenda" imenitosha. Aliyekaa na embe gegoni usiku kucha hasubiri tafiti zikomae.

Alhamisi. Damu imepungua. Shangazi ameomba uzi kidogo. Nikasema, hatimaye. Ametungia asumini za harusi ya kesho. Kikuba kimenukia mnanaa, na bibi harusi ametuma mtu kuuliza asumini hizo zinauzwa wapi.