Majira ya Kupukutika Senene: Hotuba ya Uzinduzi wa Elimumiguu

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, na ninyi wa nyuma mlioingia kukwepa mvua, karibuni. Mbele yenu amesimama mwasisi, mkuu na mpaka sasa mwanachama pekee wa Elimumiguu, taaluma ya njia zipitwazo kwa miguu katika Manispaa ya Bukoba na Wilaya ya Muleba. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote, maana hakuna chuo chenye mtu wa kunitahini. Najua watu wa mikoa mingine watanong'ona kwamba huyu ni nshomile. Naam! Neno hilo la Kihaya maana yake ni "nimesoma", na sioni kwa nini taarifa ya kweli igeuzwe utani. Nina hoja moja tu. Inasemwa, hata na waliofaulu jiografia, kwamba matembezi ya majira ya kupukutika majani ni starehe ya Ulaya na Marekani, na kwamba Mhaya hana majira hayo. Mimi nasema anayo, tangu Oktoba hadi Desemba, na njia zake ziko papa hapa, kati ya ufukwe wa Kastam na mwinuko wa Kamachumu.

Tuanze na wanaastronomia, kwa kuwa ndio wakaidi kuliko wote. Watasema Bukoba iko kusini mwa Ikweta, kwa digrii moja na ziada kidogo, kwa hiyo majira hayo yangetuangukia Machi hadi Mei. Hesabu yao ni sahihi, ila nchi yenyewe haikuwahi kuisoma. Machi hadi Mei kwetu ni toigo, masika yenyewe, katika mji unaopata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kinachopukutika wakati huo ni kingo za barabara. Isitoshe, mti wa Ulaya huangusha majani kwa sababu siku zinafupika na baridi inabisha hodi. Hapa siku ina saa kumi na mbili Januari, ina saa kumi na mbili Julai, na jani halina wa kulipa taarifa. Mgomba ndio haujali kabisa: jani lake hukauka likiwa limening'inia shinani, likisubiri mwenye kibanja aje na kisu kulikata na kulitandaza chini. Kwa hiyo tukishikilia majani, tumeshindwa. Lakini kwa nini tushikilie majani? Chunguzeni kiini cha jambo: ni wakati ambapo kitu chepesi, kwa maelfu, chenye rangi ya kijani, ya kahawia, na mara mojamoja ya zambarau, hushuka kutoka juu, na watu wazima wakatoka nje kukiokota kwa furaha isiyolingana na umri wao. Waitu, huyo ni senene, panzi wetu! Wahenga wetu waliliona hili mapema, wakauita msimu wa vuli kwa jina lake, musenene. Wazungu wanapiga picha kinachoanguka. Sisi tunakikaanga. Mwamuzi mwadilifu aseme nani ameyaelewa majira.

Sasa njia zenyewe. Mji huu umekaa juu ya mawe ya mchanga ya kale sana, ambayo wanajiolojia, kwa busara isiyo ya kawaida kwao, waliyaita kwa jina la Bukoba. Mawe hayo yamepangika kwa migongo mirefu inayofuatana na ufukwe wa ziwa, kaskazini kwenda kusini, na kati ya mgongo na mgongo kuna bonde la matope. Anayekwenda sambamba na ziwa hutembea kwa raha. Anayeliacha ziwa kwenda magharibi hupanda, hushuka, hulowa, kisha hupanda tena. Juu ya migongo kuna mandhari mbili tu. Ipo rweya, nyika ya majani mafupi yenye udongo uliooshwa na mvua hadi ukachoka, ambako njia hunyooka kama hoja zangu na ziwa huonekana mpaka macho yakome. Na kipo kibanja, kisiwa cha migomba na mibuni ambacho wazee walikirutubisha kwa vizazi kwa samadi ya ng'ombe na majani yaliyokatwa rweyani. Humo njia hupindapinda kati ya mashina, giza la kijani likakufunika, ukatokea ghafla uani kwa mtu. Hapo hupiti bila kusalimia, na salamu ya Kihaya si neno moja. Ndiyo maana Elimumiguu imeachana na kilomita kama kipimo. Kutoka Rwamishenye hadi Maruku ni salamu arobaini kwa mtu asiyejulikana. Mwenye ukoo huko alale njiani.

Mtauliza ushahidi kwamba njia hizi ni za kale. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba wahunzi wa pwani hii ya magharibi ya ziwa walitengeneza chuma cha pua, kile chenye kaboni, kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Na Katuruka, karibu na Maruku, ni miongoni mwa mahali palipofukuliwa mabaki ya kazi hiyo. Wasomi wengine wakaishia kustaajabia joto la tanuri. Mimi nimetazama chini. Tanuri lilitaka mawe yenye chuma, likataka makaa, likataka manyasi ya bondeni ya kuchomwa ndani ya shimo lake, na hivyo vyote havioti mahali pamoja. Kuna mtu alivibeba, tena mara nyingi, na mguu upitao mara nyingi ndio mchoraji wa njia.

Nageukia wapinzani waliobaki. Wa kwanza anasema vuli ina mvua. Ndiyo, lakini mvua zetu nyingi huzaliwa ziwani usiku na kutufikia alfajiri na asubuhi. Anayetoka alasiri hukuta vumbi limelala na rweya imechipua. Na kwa tahadhari upo mwavuli, neno ambalo bila shaka ni kifupi cha "mwana wa vuli". Wanaisimu wanadai linatokana na kivuli. Wana haki ya kudai. Wa pili anasema amezeeka. Huyo namkumbusha Juni 1915: jeshi la Uingereza lilipovuka ziwa kutoka Kisumu kuja kubomoa kituo cha Wajerumani cha simu ya upepo, lilishuka kaskazini mwa mji na kulazimika kuukwea mwamba. Miongoni mwa wapandaji hao alikuwamo mwindaji Frederick Selous, miaka 63, na bunduki begani. Tena alikuja kiangazi, msimu usio na senene, safari yote ya nini.

Wa tatu ndiye mzito, na namheshimu. Anasema kwetu mtu mzima hatembei bure: anakwenda shule, kanisani, kisimani, mnadani, au kwenye pombe ya lubisi, na anayeonekana rweyani akiwa hana mzigo wala shughuli ni mgeni, au amegombana na mkewe. Anaongeza kwamba siku hizi hata wenye shughuli wanapanda bodaboda. Hapa wenzangu wa mjini, wanaotembea kwa starehe na kuita "haikingi", hushikwa na aibu, wakaanza kusema mambo ya kiafya. Mimi nakubali kila neno, kisha nalitumia. Ni kweli kwamba njia huishi kwa shughuli: bodaboda ikichukua abiria wote wa barabara ya Muhutwe kwenda Kamachumu, kile kijia cha kukatisha mlimani hakitafungwa na serikali, kitafungwa na majani, kimyakimya, kwa vuli mbili. Basi dawa si kumfundisha Mhaya kutembea bure, kwani hatakubali na sitamlaumu. Dawa ni kumpa mtembezi shughuli, na katika mwaka mzima ni msimu mmoja tu unaogawa shughuli kwa kila mtu, mwenye kibanja na asiye nacho, mtoto na mstaafu: huu wa senene. Apande Kamachumu na mfuko. Akirudi na kitu, alikuwa kazini. Akirudi mtupu, aseme walihamia upande wa pili wa mlima, na hakuna atakayebisha, kwa kuwa kila mtu amewahi kusema hivyo.

Safari ya kwanza ya mafunzo itaanzia Kastam Jumamosi, ipite Ihungo. Mhadhiri atatangulia kwa gari ili kuipokea taaluma itakapofika. Ada ni kopo moja la senene waliokaangwa, na nasisitiza, waliokwisha kunyonyolewa mabawa na miguu. Miguu ni somo langu, lakini hukwama kwenye meno.