Ruhusa ya Kukesha: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa TEHAMA

Mheshimiwa Mkuu,

Naandika kukupongeza kwa uhuru mliouruhusu kwenye kompyuta zetu za Windows. Karani wa ofisi hii akitaka rimu moja ya karatasi hujaza fomu, hutafuta saini mbili, kisha husubiri. Programu ikitaka kompyuta isilale usiku kucha, haijazi chochote. Huita SetThreadExecutionState, basi, imekubaliwa. Sababu haiulizwi, hata nafasi ya kuiandika haipo.

Sipingi ruhusa yenyewe. Hakuna anayependa skrini izimike Mkurugenzi akiwa katikati ya wasilisho, au faili kubwa likwame nusu ya safari. (Filamu siitaji, maana ofisini hatutazami filamu.)

Shida yangu ni kumjua anayekesha. Kompyuta niliyoiacha jioni ikiwa kimya naikuta asubuhi feni inanguruma. Nikaelekezwa kwenye amri ya powercfg /requests, inayotaja kila aliyeomba mashine isilale. Nikaiandika. Nikajibiwa kwamba hiyo ni ya wenye mamlaka ya msimamizi. Yaani programu haikuhitaji cheo kuikeshesha kompyuta ninayoitumia, ila mimi nahitaji cheo kuuliza ni nani kaikeshesha! Nikajaza fomu. Kijana wako akaja, akaingiza nenosiri lake huku kalifunika kwa mkono, na jibu likatoka: kuna mkondo wa sauti unaotumika. Mheshimiwa, kompyuta hiyo haina spika.

Wenzetu wa Linux, nasikia, bado ni washamba. Kwao, programu inayozuia usingizi kupitia systemd hutaja inazuia nini, ni nani, kwa nini, na kama inazuia kabisa au inachelewesha tu. Urasimu mtupu. Sisi urasimu tumewawekea binadamu.

Najua katika sera za Windows kuna vipengele vya kuziruhusu au kuzinyima programu haki ya kuzuia usingizi, kimoja kompyuta ikiwa kwenye umeme, kingine ikiwa kwenye betri. Usihangaike kuvigusa. Ipo pia powercfg /requestsoverride, ya kupuuza maombi ya programu moja moja. Nayo, bila shaka, ni ya msimamizi.

Mimi nimebakiwa na swichi ya ukutani, na juu yake kitengo chako kimebandika karatasi: USIZIME.

Wako mtiifu,
Mtumiaji wa Kawaida