Sifa za Gunia Kuukuu

Hakuna kitu kinachodharauliwa nyumbani kama gunia lililokwisha kazi. Likishamaliza kubeba mahindi na kutobolewa na panya, hushushwa vyeo mfululizo: zulia la mlangoni, tandiko la punda, mwisho kitanda cha mbwa. Na mtu akishona nguo ikampwaya, watu humwuliza gunia hilo kalitoa wapi. Ni haki sasa lipewe kiti cha mbele na kusifiwa hadharani.

Tuanze na nasaba, maana mtukufu hakosi ukoo. Mkonge, mzazi wa gunia la katani, asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Kutokana na manusura hao, mashamba yalitambaa hadi chini ya milima ya Upare.

Kwakoa, kwenye tambarare kavu kati ya milima ya Upare Kaskazini na Ziwa Jipe, mheshimiwa huyu hufaa zaidi akiwa amelowa. Mzungushe kwenye dumu, mmwagie maji, weka kivulini penye upepo: unyevu unapokauka huondoka na joto, na maji ya kunywa hupoa bila friji wala umeme wa luku. Ni msaada mkubwa mahali ambapo bomba la plastiki lililolala juani hutoa maji ya moto saa saba mchana, kuni hazijaguswa. Bomba kuganda? Hilo ni balaa la watu wengine.

Watu hao wapo. Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, ni jangwa kweli, lakini Februari 2011 baridi ilishuka hadi karibu nyuzi 8 chini ya sifuri. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na ndani ya bomba hakuna pa kutanukia. Mabomba yakapasuka; maelfu ya nyumba zikakosa gesi ya kupashia joto. Usiku wa namna hiyo wenye bustani hukumbuka gunia ghafla. Safari hii lazima liwe kavu, kwani likilowa hupitisha baridi. Bomba huviringishiwa na kufungwa kamba. Mmea hufunikwa hadi kingo ziguse udongo, ili joto la mchana lililohifadhiwa ardhini libaki humo; anayelifunga kwenye shina tu hulifungia joto nje. Jua likitoka, linafunuliwa. Nailoni, mshindani wake mwenye majivuno, ikigusa jani huliunguza kwa baridi. Madungusi kakati marefu huvalishwa vikombe vya povu utosini, na bustani nzima huonekana kama harusi iliyokosa bajeti.

Kichekesho ni kwamba miongoni mwa mimea inayofunikwa huko wamo ndugu wa mkonge. Arizona huvalishwa gunia wasife. Upareni mwenzao alikatwa, akakamuliwa, akawa gunia lenyewe.

Kama kuna anayestahili kugawana sifa hizi, basi yuko Kilimanjaro, mlima unaoonekana kutoka ukanda wa Jipe mawingu yakifunguka. Juu kule, ambako usiku huganda karibu mwaka mzima, mti uitwao Dendrosenecio kilimanjari hauangushi majani yake yaliyokufa. Huyaacha yaning'inie shinani, tabaka juu ya tabaka, yakilinda mirija ya maji isigande. Kwa mtazamaji ni mzee aliyejitanda matambara. Katika Andes ya Venezuela watafiti waliivua mimea ya Espeletia vazi la namna hiyohiyo ili waone lina faida gani, na mimea ikafa. Kwa gunia moja kwa kila mmea, ingepona, au angalau ndivyo watetezi wa gunia watakavyoapa.