Jinsi ya Kumnyamazisha Malenga Mchanga wa Tabora

Mwalimu au mzazi, mtoto wako kaanza kutunga mashairi? Usihofu. Akiwahiwa, hupona.

1. Anza na sheria. Mkabidhi kitabu cha Amri Abedi cha 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Akariri vina na mizani kwanza. Kutunga baadaye, akistaafu. Hiyo diwani iliyomo usimwonyeshe, asije akadhani sheria ziliwekwa ili watu watunge. Ficha pia kwamba Amri alizaliwa Ujiji, akasoma hapahapa Tabora. Akiuliza ni nani huyo, mwambie ni uwanja wa mpira Arusha.

2. Hesabu, usisikilize. Binti wa kidato cha pili atakuletea mshororo huu:

Baba anarina asali, chai tunakunywa chungu.

Shika kalamu nyekundu, hesabu kwa vidole: ba-ba-a-na-ri-na-a-sa-li. Mizani tisa! Mkate alama mbili. Usimnong'oneze kwamba "arina" ingelipa deni lote. Na asali ya baba yake inaishia kwa nani, hilo halimo kwenye mtihani.

3. Piga marufuku kinyume. Ukikaribia darasa utasikia, "Mumwali jaanaku!" Maana yake mwalimu anakuja. Huo ni uhuni. Watoto wamekata maneno silabi kwa silabi, wakahamishia ya mwisho mbele, bila kukosea, huku wanakimbia. Ndiyo kazi ileile ya mizani uliyowafundisha muhula mzima wasielewe, ila hii hawakuomba ruhusa.

4. Sahihisha historia. Fundisha kwamba Kiswahili kilifika huku Unyanyembe kwa mtaala. Usitaje misafara ya Bagamoyo na Ujiji, kirangozi akianzisha wimbo, wapagazi wa Kinyamwezi wakiitikia na pembe za ndovu mabegani. Usiguse utani wao na Wazaramo, maana mtoto atagundua kuwa lugha ilisafiri kwa nyimbo na matani, wala hakuna aliyesahihishwa njiani.

5. Mtumie Nyerere, kwa uangalifu. Msifu kama mwanafunzi mtiifu wa Shule ya Serikali Tabora. Kwamba akiwa rais alikaa akamfasiri Shakespeare, *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, nyamaza. Mtoto atauliza rais alipata wapi muda wa kucheza na maneno.

Angalizo: jioni usipite chini ya mwembe wanapokaa. Watakuita.

"Kitendawili!"

Utajisahau: "Tega!"

"Kasimama njiani, hapiti wala hapishi."

Utafikiri ni mti. Siyo. Kisiki? Siyo. Punda? Watacheka.

"Tupe mji!"

Utawapa Bagamoyo, watakataa. Mpwapwa, watakataa. Ujiji je? Hawautaki. Wanataka Tabora, na jibu hutapewa mpaka uitoe.

Itoe tu, mwalimu. Kalamu nyekundu baki nayo.